Kidonge cha Nyuma ya Zizi

Vidonge vyekundu Tadei alivimeza mezani, mbele ya mkewe, kwa uji. Kile cheupe alikwenda kukimezea nyuma ya zizi.

Hilaria hakuligundua hilo mara moja. Mwanzoni aliona tu mumewe akimaliza uji, akifuta mdomo kwa kiganja, kisha akisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wawili na ndama wao, na hakuna cha kuangalia kwa ng'ombe waliofungwa. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu huachiwa mambo yake mengi. Akitaka kuota jua, aote. Akitaka kukohoa peke yake bila kutazamwa, akohoe.

Kijiji kizima cha Nangwa kilijua kuwa Tadei anaumwa, na wazee walikumbuka kwamba hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa kijana, kabla hajamwoa Hilaria. Alipona, lakini kifua hakikurudi kama kilivyokuwa. Shamba lao la juu, lile linaloegemea Mlima Hanang, alilikwea kwa vituo, akisimama kila baada ya hatua chache na kujifanya anatazama mawingu. Watoto walipokuwa wadogo waliamini baba yao anajua mambo ya mvua.

Safari hii, alipoanza tena kutema damu, alikwenda hospitali moja upande wa Mbulu, akarudi na dawa na habari za utafiti. Hilaria alisikia neno hilo, utafiti, akaliacha lipite. Mumewe alisema ni madaktari wanaofuatilia wagonjwa kwa karibu. Basi, wafuatilie. Kufuatiliwa si kubaya.

Kilichoanza kumkera ni damu. Kila Tadei alipokwenda hospitali alirudi na pamba imebandikwa kwenye mkono.

"Wanakutoa damu ya nini tena?" Hilaria aliuliza.

"Wanaangalia ini."

"Ini linaumwa?"

"Haliumwi. Wanaangalia lisije likaumwa."

"Na kwa nini liumwe?"

Tadei alivuta kigoda akakaa. "Mama Fausta, mimi si daktari."

Jibu la namna hiyo mtu hulitoa akiwa na jingine mfukoni. Hilaria aliendelea kupepeta mahindi, lakini macho yalibaki kwa mumewe.

Kwenye mashine ya kusaga, jirani yake Marieta hakusaidia. Marieta alikuwa na ulimi mrefu, tena aliupenda. "Utafiti maana yake wanajaribu," alisema, akipaza sauti kuishinda mashine. "Kwa wazungu wanajaribia panya. Huku panya ni sisi. Na hiyo damu usidhani wanaimwaga. Zamani watu walisema mumiani, wakachekwa. Leo mumiani ana gari jeupe na kitambulisho shingoni."

Hilaria alicheka pamoja na wengine. Njiani kurudi, na ndoo ya unga kichwani, hakucheka.

Jumamosi moja alichukua koti la Tadei la kwendea kanisani, alitoe vumbi. Ndani, kwenye mfuko wa upande wa moyo, mkono wake ukagusa kichupa. Kilikuwa cha plastiki, cheupe, hakina jina la dawa, kina namba tu na maneno kwamba kiwekwe mbali na watoto. Akakifungua.

Harufu ilimpiga kabla hajaona kilichomo. Ilikuwa harufu ya dagaa wakavu waliosahauliwa ndani ya mkebe. Alikaa kitandani, kichupa mkononi. Harufu hiyo aliifahamu kuliko harufu ya sabuni yake mwenyewe.

Mama yake mzazi, aayo kama walivyomwita, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Uzeeni Hilaria alimchukua akakaa naye hapo hapo nyumbani, akampa dawa zake asubuhi na jioni, na vile vidonge vikubwa vyeupe vilinuka hivyo hivyo. Kisha ukaja msimu mbaya, mahindi yamekauka shambani na ghala limebaki na panya. Asubuhi moja aayo alimeza dawa akakataa chakula, akasema wale watoto kwanza. Mchana alikuwa analowa jasho na kuzungumza na ndugu waliokwisha kufa. Walimkimbiza zahanati, akawafia njiani.

Siku ya maziko, Hilaria alizimwaga dawa zilizobaki chooni, mbele ya watu, akasema kidonge cha sukari hakitaingia tena nyumba hii maadamu yeye yu hai. Hakuna aliyempinga. Tadei alikuwepo, koleo begani. Alitikisa kichwa kukubali.

Sasa hiki hapa, mfukoni mwa koti lake.

Hilaria alikirudisha kichupa kilipokuwa, akalipiga koti vumbi, akalitundika. Mwanamke aliyekulia kwenye kuchunga mbuzi haanzi kupiga kelele anapoona jani linatikisika. Hungoja aone ni mnyama gani. Asubuhi iliyofuata, Tadei alipokwenda kuangalia ng'ombe, naye alikwenda kuokota kuni, akachungulia kati ya fito za zizi. Alimwona mumewe akitoa kichupa, akitia kidonge mdomoni, akitazama huku na huku kama mtu anayeiba mayai.

Mtu asiye na sukari anameza dawa ya sukari ya nini, tena kwa kujificha? Hilaria aligeuza swali hilo kama ugali sufuriani. Labda anayo sukari na anamficha. Labda hana, na hao wenye gari jeupe wanataka kuona mtu mzima hushushwa sukari mpaka wapi kabla hajaanguka. Na labda Tadei mwenyewe anajua, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Kilichomaliza subira yake kilitokea wakipura maharage. Jua lilikuwa kali. Tadei alikataa kupumzika, akapiga fimbo moja baada ya nyingine, halafu ghafla akaiachia. Alikaa chini juu ya maganda. Uso ulikuwa umelowa, mikono ya baridi.

"Baba Fausta!"

"Kizunguzungu tu."

Hilaria hakungoja. Alikimbia ndani, akaja na kibuyu cha asali, akamtia mumewe mdomoni kwa vidole kama mtoto. Tadei akameza, akalalamika, akameza tena. Alipoweza kusimama, Hilaria alimwita kijana wa bodaboda akawapakia wote wawili hadi Katesh, kwenye duka la dawa wanakopima sukari.

Muuzaji alimchoma Tadei kidole, akaangalia kimashine chake. "Iko sawa kabisa, mama. Mzee amechoka tu na jua. Amekula?"

"Alikunywa chai," Hilaria alisema.

"Basi ndiyo hiyo. Aupe mwili chakula."

Lakini Hilaria alikuwa ameshamlisha asali nusu kibuyu. Kimashine kingesema nini tena kama si sawa? Alimtazama mumewe akishusha mkono wa shati, akaona jinsi alivyokwepa macho yake. Hapo akaamua.

Kesho yake alisema anakwenda sokoni. Hakwenda. Alipanda gari la Dongobesh, akabadilisha huko, akafika ile hospitali mchana, kichupa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Ofisi ya utafiti ilikuwa chumba cha mwisho, chenye mabenchi nje na pazia la kijani. Daktari aliyeinuka kumpokea alikuwa binti mdogo kuliko alivyotarajia, jina lake Angela.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba." Hilaria hakukaa. Alifungua pindo, akaweka kichupa mezani. "Nimekuja uniambie hii ni nini."

Daktari Angela alikichukua, akasoma namba, na uso wake ukabadilika. "Umekipata wapi, mama?"

"Kwenye koti la mume wangu. Tadei, wa Nangwa."

"Wewe ni nani wake?"

"Nimekwambia. Mke wake."

Daktari alimtazama nesi aliyekuwa dirishani, nesi naye akamtazama. Lilikuwa tazamo fupi, lakini Hilaria aliliona. Daktari alikisogeza kichupa upande wake wa meza.

"Samahani sana, mama," alisema kwa upole wa mtu anayefunga mlango. "Mke wa huyo mzee tunamfahamu. Alikuja naye siku ya kwanza, tukawaeleza wote wawili, wakakubali wote wawili. Sasa sielewi wewe dawa yake umeipataje."

Hilaria alihisi sakafu imesogea. Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa aina nyingi, lakini si huo. "Alikuja na mke?"

"Mama mmoja mrefu. Mcheshi sana."

Hilaria ni mfupi, na hata kwao hakuna aliyewahi kumwita mcheshi.

Alikaa sasa, bila kukaribishwa mara ya pili. Alitamani kuondoka, lakini hakutaka kurudi Nangwa mikono mitupu. "Sawa. Habari za mume wangu usinipe. Nipe za utafiti wenu. Hizo nazo ni siri?"

"Hapana. Hizo tunazitangaza hata makanisani." Daktari alivuta kiti. "Mtu akipona kifua kikuu, mara nyingi mapafu hubaki na makovu. Anapona, lakini pumzi hairudi. Sasa kuna dawa moja ya zamani, ya sukari, inauzwa kila duka la dawa. Madaktari waligundua kuwa wagonjwa wa sukari waliokuwa wanainywa, wakipata kifua kikuu, baadhi yao walionekana kupona vizuri zaidi. Huenda ni ile dawa. Huenda ni kitu kingine kabisa. Ndiyo maana tunauliza. Kuna wenzetu kwingine wanauliza swali hilo hilo kwa dawa za kushusha mafuta kwenye damu."

"Kwa nini msitengeneze mpya, ya kifua?"

"Mpya ni ghali, na huchukua miaka mingi."

"Hii ni rahisi, ndiyo maana mnawapa maskini."

Nesi aligeuza uso dirishani. Daktari Angela alimgeukia Hilaria. "Ikifaa, mama, maskini ataweza kuinunua. Hiyo mpya ingemchelewea."

"Kwa hiyo humu ndani kuna dawa ya sukari."

"Sijui."

Hilaria alidhani amesikia vibaya. "Hujui?"

"Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe. Nusu wanapewa vidonge vinavyofanana nayo, lakini havina dawa. Hata harufu vimewekewa. Ni kompyuta iliyowagawa, iko mjini. Mimi sijui nani kapata nini. Nesi hajui. Mgonjwa mwenyewe hajui."

"Binti yangu, hata mganga wa kienyeji hujua alichotia kibuyuni mwake."

"Anajua, na kwa sababu anajua, kila anayepona atasema ni dawa yake. Anaweza kukudanganya na kujidanganya."

"Na wewe?"

"Na mimi pia naweza," alisema Daktari Angela. "Ndiyo maana na mimi nimefichwa."

Hilaria alisimama, akanyoosha mkono. Alirudishiwa kichupa baada ya daktari kuvihesabu vidonge na kumwomba kwamba kama ni kweli yeye ni mke, warudi wawili. Neno hilo, kama, alilibeba njia nzima mpaka nyumbani, na pembeni yake likakaa lile jingine, mama mrefu, mcheshi.

Alimkuta Tadei ameketi juani karibu na mlango. Hakumsalimu.

"Mkeo hajambo?"

Tadei aliinua macho. "Mke yupi?"

"Yule mrefu. Yule uliyekwenda naye hospitali mkakubaliana wote wawili." Alitupa kichupa mapajani mwake. "Nimetoka huko. Nimeambiwa mke wa Tadei anafahamika, na si mimi. Nimetazamwa kama mwizi wa dawa za mume wangu mwenyewe. Siku zote hizi nadhani unajificha kwa kidonge, kumbe kidonge ndicho kidogo!"

Tadei alifungua mdomo. Badala ya maneno kikatoka kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Hilaria alisimama akimtazama bila kumpa maji.

"Ni Hilda," alisema alipopata pumzi.

"Hilda gani?"

"Hilda dada yangu. Wifi yako. Walisema nije na mtu wa nyumbani, ikiwezekana mke. Nilipita Dongobesh nikamchukua."

"Unadhani nitaamini?"

"Mpigie."

Hilaria aliichukua simu ya mumewe, akaweka sauti kubwa, akaisimamisha kati yao. Hilda aliitika kwa furaha yake ya kawaida, akauliza hali ya mgonjwa, ya ng'ombe, ya Fausta chuoni.

"Wifi," Hilaria alimkatiza, "wewe ni mke wa nani?"

Upande wa pili alisikika jogoo wa Dongobesh tu.

"Alinibembeleza, wifi yangu," Hilda alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Alisema ukijua ni dawa ya sukari utaichoma pamoja na nyumba. Nikamwambia Mungu anatuona. Akasema Mungu anamjua Hilaria, atatuelewa."

Hilaria alikata simu. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imepoteza pa kusimama. Alikaa kizingitini, mgongo kwa mumewe.

"Uliniona nikiapa," alisema.

"Nilikuona."

"Ukatikisa kichwa."

"Nilitikisa." Tadei alikizungusha kichupa mkononi. "Lakini wewe hujawahi kukwea lile shamba na mapafu yangu. Ile mara ya kwanza walinipa dawa, nikapona, wakasema nenda. Nikaenda na nusu ya kifua. Sasa mara ya pili, nibaki na robo? Yule daktari aliposema huenda, huenda tu, kuna kitu kinaokoa mapafu, nilijiambia nitakimeza hata kama kinanuka samaki. Nikakufikiria wewe. Nikaona siwezi kukuambia na siwezi kukiacha."

"Ukachagua uongo."

"Nilichagua uongo."

Siku kadhaa hawakuzungumza zaidi ya yaliyo lazima. Uji uliiva, ng'ombe walikamuliwa. Lakini siku ya kliniki ilipofika, Hilaria aliamka akavaa kitenge chake kizuri, akatangulia kituoni.

Daktari Angela alipowaona wawili mlangoni alielewa mara moja, akamwomba Hilaria msamaha. Hilaria hakuupokea wala hakuukataa; alitaka kuelezwa kila kitu upya, tangu mwanzo, polepole, na kila alipotilia shaka alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Damu inakwenda wapi baada ya kupimwa? Mtu akitaka kuacha, atanyimwa zile nyekundu? Hatanyimwa, daktari alisema, na aliandika namba yake ya simu kwenye jalada la kadi. Kisha Hilaria akasimulia habari za mama yake. Hakuwahi kuzisimulia kwa mtu wa hospitali.

"Alikuwa anameza vidonge vya aina ngapi?" daktari aliuliza.

"Aina mbili. Kile kikubwa chenye harufu, na kidogo."

"Kile kikubwa, kikiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari mpaka mtu aanguke. Kuna vidonge vingine vya sukari vinavyoweza, hasa mtu asipokula."

"Kwa hiyo ni kile kidogo kilichomuua."

"Siwezi kusema hivyo, mama. Sikuwepo, na sikijui."

Hilaria alimtazama. Wangapi walikuwa wamemwambia kilichomuua mama yake, kwa uhakika, bila kuulizwa? Majirani, muuza dawa, hata padre kwa namna yake. Huyu alikuwa wa kwanza kukataa kusema. Hakumwamini bado. Lakini alijua sasa ni kwa nini hamwamini, na kwamba sababu hiyo imepungua.

"Ataendelea," alisema. "Ila kidonge kitakaa kwangu. Hamezi mpaka nimeona amekula. Na siku nikiona jasho nisilolielewa, nakupigia, hata kama uko harusini."

"Nipigie," alisema Daktari Angela.

Tadei hakuulizwa. Alikaa kati ya wanawake wawili, kofia magotini, akionekana kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Tangu siku hiyo kidonge cheupe kilimezwa mezani. Hilaria alikitoa kichupani kwa mkono wake, akakinusa kila mara, akampa mumewe, akangoja mpaka ashushe. Marieta alipouliza kwenye mashine kama mumiani bado anakuja, Hilaria alimwambia aende mwenyewe akamuulize, yeye amekwisha kuuliza yake.

Matibabu yalikwisha na makohozi yalikuwa safi. Utafiti wenyewe ulichukua muda zaidi, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na hawakuanza pamoja. Mwaka uliofuata, baada ya kupanda mahindi, waliitwa hospitali. Kila mgonjwa aliitwa chumbani na mtu wa kwake ili aambiwe alikuwa anameza nini.

"Baba," Daktari Angela alisema, "wewe ulikuwa kwenye kundi la dawa yenyewe."

Tadei alitabasamu mpaka masikioni. Hilaria alitazama mikono yake. Basi ndicho kile kile. Kila asubuhi alikuwa amekitoa kwa vidole hivi, kama alivyompa aayo, na mtu aliyekimeza alikuwa ameketi hapa ananenepa. Alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu mpaka alipoweza kusema.

"Kwa hiyo hiyo dawa imemsaidia kifua?"

"Zile nyekundu ndizo zilizomponya. Kama hii imeokoa mapafu yake, kwa mtu mmoja siwezi kusema. Kipimo cha kupuliza kinaonyesha pumzi yake si mbaya. Majibu ya wote yakijumlishwa tutarudi kuwaambia."

"Kwa hiyo bado hamjui."

"Bado, mama."

"Haya," alisema Hilaria, akainuka. "Mkijua, mje. Na mkikuta haifai, mje vile vile."

Mbaazi za shamba la juu zilikomaa. Walipanda asubuhi, Tadei mbele na gunia tupu begani, Hilaria nyuma. Katikati ya mteremko Tadei alisimama. Hilaria naye alisimama, akainama kufunga upya kanga yake.

"Unanisikiliza pumzi," Tadei alisema bila kugeuka.

"Nafunga kanga."

"Kanga gani inafunguka kila nikisimama?"

"Kama umechoka, sema umechoka."

"Natazama ndama wa Isidori ameingia kwenye mahindi yetu, pale chini. Huoni?"

Hilaria aligeuka. Kweli, ndama wa jirani huyo alikuwa humo, amezama hadi shingoni, anatafuna. Alipiga yowe, akaokota jiwe, akaanza kushuka mbio, na mumewe akapanda peke yake mpaka kwenye mbaazi.